Tangazo la Gauni la Njano

Jumapili, 3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo.

Kabla sijaandika jambo lingine, naapa kukueleza yote yaliyotokea hapa tangu wimbo wenu ulipofika, bila kupunguza na bila kutia chumvi. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua isiyosema yote ni bahasha tu.

Kwanza, pongezi. Nilidhani bendi inayojiita Soksi Moja haitapigwa redioni hata kwa kuombewa, lakini wimbo unapigwa asubuhi, mchana na jioni. Unaanza na ile kengele ya stesheni, ding-dong, kisha sauti ya Baba: "Abiria, naomba mnisikilize. Kuna mama amepotea. Amevaa gauni la njano. Mtoto wake yuko hapa ofisini, anamsubiri." Halafu magitaa yanapiga makelele kama mabati yanayodondoka, na wewe unaimba, "Hayupo kabatini! Hayupo mfukoni!" Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Jambo moja tu: kwenye maelezo ya wimbo mmeandika "gauni ya njano". Ni gauni la njano, Kaka. Baba alisema sawasawa.

Shuleni wasichana wa kidato cha juu wanauigiza wakati wa mapumziko. Mmoja anashika kiatu mdomoni kama kipaza sauti. "Abiriaaa! Kuna mama amepoteaaa!" Wengine wanaitikia, "Wapi?" Siku ya kwanza nilitamani kupanda juu ya dawati niseme kwamba hiyo ni sauti ya baba yangu na hilo ni gitaa la kaka yangu. Lakini jirani yangu wa dawati, yule tunayemwita Kidoti, akaniwahi.

"We! Si ni babako huyo? Babako si ndiye anayetangaza treni?"

Wote wakageuka kunitazama. Kaka, nilisema, "Hapana. Sauti zinafanana tu."

Nimeliandika ili nisiweze kulifuta. Nilimkana Baba mbele ya darasa zima kwa sababu ya kiatu.

Huko stesheni abiria wanacheka kila akifungua mdomo. Siku ya kwanza alirudi akasema, "Watu wana furaha leo." Siku hizi anavua viatu, anakaa, anatazama vidole vyake. Hajui kwamba wimbo ni wenu. Wala hajui ni nani aliyemrekodi. Unakumbuka nilikuwa kwenye kibanda chake nikifanya kazi za shule, nikatumia simu yake mwenyewe, nikakutumia, nikafuta. Ndiyo maana nakuandikia barua na kumpa kondakta wa treni ya jioni. Simu ya nyumba ni hiyo moja, na Baba husoma kila kinachoingia.

Je, mnaweza kuiondoa sauti yake, muweke ya mtu mwingine? Hata yako ukiikwaruza kidogo.

Mama hajambo, anakusalimu sana. Anasema ule vizuri.

Mdogo wako


Jumanne, 12 Machi

Mwalimu wangu mkali,

Marahaba. Gauni la, gauni la, gauni la. Nimeandika mara tatu, naomba nisichapwe.

Hebu nisikilize. Umemkana mzee? Basi mrudie Kidoti kesho umkubali mzee, yaishe. Kumbe ungejua huku anavyopendwa! Juzi tulipiga kwenye ukumbi mmoja karibu na gereji za malori. Sauti ya Baba ilipotoka tu, watu wakanyamaza kama wako kanisani, halafu wakalipuka. Mpiga ngoma wetu, Kijiko, anasema tungempata Baba jukwaani tungejaza uwanja. Bosi wangu wa duka la rangi, yule aliyekuwa akiniita mtalii kwa kuchelewa, sasa ananiita "mwenye mama". Amenipa hata ruhusa ya Ijumaa!

Hiyo si dhihaka, ni utani, na utani ni mapenzi. Mwambie Baba ni mimi. Atacheka mpaka miwani imdondoke. Umesahau alivyokuwa akitutangazia chakula? "Abiria wa wali, mnaombwa kunawa mikono, wali unaingia jukwaa namba moja." Mtu wa namna hiyo ataumizwaje na wimbo?

Na Mama ndiye atakayecheka kuliko wote. Mwekee wimbo akiwa anapiga pasi, umwambie, "Mwanao anakutafuta." Halafu niandikie alisema nini, neno kwa neno. Mbona siku hizi nikipiga simu Baba ananiambia kwamba Mama ametoka kidogo? Anatoka sana mama yetu, ana biashara gani?

Wiki ijayo Kijiko atavaa gauni la njano kabisa, ajifiche nyuma ya spika, sisi tumtafute kwa tochi. Nacheka peke yangu nikiandika.

Kaka yako, nyota wa redio


Jumapili, 17 Machi

Kaka,

Barua yako niliisomea nyuma ya stoo ya vifurushi. Nilipofika pale pa Mama na pasi nikashindwa kuendelea.

Mama hakukusalimu. Salamu zile nilizitunga mimi, za barua hii iliyopita na za zote zilizotangulia. Mama hayupo nyumbani tangu Novemba.

Niliapa kukueleza yote, nikakuficha hilo. Sasa nalisema.

Ilikuwa asubuhi. Mama alinipigia pasi sare, akaitundika mlangoni, kisha akafunga begi. Baba alikuwa mbele ya kioo akichana nywele. Mama akamwambia, hakupaza sauti, "Kule stesheni unasema kutwa na watu usiowajua. Ukifika hapa unazimwa. Nimechoka, baba watoto. Niambie neno moja tu la kunibakisha, nitabaki."

Baba akageuka. Nilimwona akifungua mdomo, Kaka. Halafu akasema, "Treni ya saa nne itachelewa leo."

Mama akacheka. Si kile kicheko unachokijua. Akanibusu utosini, akaenda kupanda basi.

Wewe unakumbuka mambo ya abiria wa wali. Hayo yaliisha ulipoondoka, sijui kwa nini. Pengine tulikuwa hadhira yake nzuri tulipokuwa wawili. Baba aliniambia, "Kaka yako asisumbuliwe na mambo haya. Nitayatengeneza." Nikakubali. Nilimrekodi siku ile kwa sababu ulikuwa umeandika kwamba una upweke, nami nilitaka kukuchekesha bila kukwambia kitu.

Sasa fikiria. Hapa kila mtu anajua. Wachukuzi wanajua, muuza magazeti anajua, hata mkata tiketi mpya anajua. Halafu redio inatangaza kwa sauti ya Baba kwamba kuna mama amepotea.

Alhamisi nilikuwa kibandani. Treni ya jioni ilihamishwa kutoka jukwaa la kwanza kwenda la tatu, na Baba alipaswa kuwaambia abiria. Akabonyeza kengele. Kabla hajasema neno, jukwaa zima likaitikia, "Kuna mama amepoteaaa!" Akasubiri wamalize. Akasema, "Abiria, naomba mnisikilize."

"Tunakusikiliza, mzee!" mchukuzi mmoja akapaza sauti. "Umeshampata?"

"Atampata wapi?" mwingine akamjibu. "Huyo alipanda basi!"

Wageni walicheka tu kama watu wanaocheka. Wenyeji walicheka huku wakitazamana.

Baba akazima kipaza sauti. Hakukiwasha tena. Treni ikaingia jukwaa la tatu, watu wote wakiwa la kwanza. Walikimbia na mizigo na watoto, na bibi mmoja akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Nilimwona akiwa amekaa chini, ameushika mkono wake kama anaubembeleza, na kikapu chake kimemwagika.

Mkuu wa stesheni amempeleka Baba kwenye dawati la vifurushi. Sasa matangazo yanatoka kwenye mashine, ni sauti ya dada mmoja aliyerekodiwa. Anatamka vizuri, sina la kumkosoa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alitangulia hatua chache nami sikumfikia. Nilimwonea aibu, kisha nikajionea aibu mimi kwa kumwonea aibu, na kofia yake ya kazi alikuwa ameikunja mkononi.

Usimwambie Mama. Hata hivyo hujui aliko. Mimi pia sijui. Hupiga simu kwa jirani yetu fundi cherehani, anauliza kama nakula na kama nasoma, basi.

Mdogo wako, mwongo


Alhamisi, 21 Machi

Mdogo wangu,

Usijiite hivyo tena. Mwongo ni mimi, na nitakuonyesha.

Barua yako iliingia Jumanne. Jumatatu ndiyo tulikuwa ukumbini. Kijiko alivaa lile gauni, akajificha, nasi tukammulika kwa tochi huku nikiimba "hayupo kabatini". Watu walilia kwa kucheka. Nilitoka jasho kwa raha. Na muda wote huo Mama kweli hayupo kabatini, nguo zake hazipo, na mimi ndiye nimesimama pale na gitaa nikiuliza yuko wapi.

Nimejaribu kulala tangu siku hiyo, imeshindikana.

Jana niliwaambia wenzangu siupigi tena. Mpiga besi wetu, Mrefu, akasema, "Ndugu yangu, huo ndio wimbo pekee tunaoitiwa. Utakataaje?" Nikamwambia ile ni sauti ya baba yangu. "Tunajua. Si ulisema amekubali?"

Ndiyo. Niliwaambia amekubali. Waliniuliza siku ya kurekodi, nikasema nimempigia, amecheka, amekubali. Sikumpigia. Niliogopa angesema hapana, na wimbo ulikuwa mtamu.

Tumekubaliana hautapigwa tena jukwaani. Redioni umeshatoka mikononi mwetu, siwezi kuurudisha, na sitakudanganya kwamba naweza.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya Baba. Nimeifunga. Nimemwambia ni mimi, na kwamba sikumwomba ruhusa. Kuhusu nani alirekodi, sikusema kitu. Hilo ni lako. Ukiona vema mpe, ukiona vibaya ichome.

Wewe kula. Soma.

Kaka yako


Ijumaa, 29 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nakujibu kwa kifupi kwa kuwa vifurushi vya Ijumaa ni vingi.

Niliijua sauti yako siku ya kwanza. Unavuta pumzi kwa nguvu kabla ya kuimba "hayupo", kama ulivyokuwa ukifanya uliposoma risala shuleni. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mama yako amekueleza yaliyotokea, kwamba ulipomwulizia kwenye simu ulikuwa unanipima tu, na kwamba wimbo ndiyo njia yako ya kunisema mbele ya watu. Nikaona nimestahili. Sasa naambiwa hukujua. Nimelisoma jambo hilo mara kadhaa, na limenipunguzia mzigo kuliko unavyofikiria.

Kuhusu tangazo lenyewe. Watu wanadhani niliteleza ulimi. Sikuteleza. Yule mtoto aliletwa na askari wa jukwaani. Nilipomuuliza, "Umepotea, mama?" alinikasirikia. Akasema, "Mimi nipo hapa. Mama ndiye amepotea." Nilimtazama nikaona ana haki, maana yeye alikuwa amesimama palepale alipoachwa. Basi nikatangaza alivyosema. Mama yake alikuja mbio, viatu mkononi.

Dada yako aliniambia Jumatano kwamba ndiye aliyerekodi. Alisimama mbele yangu na sare yake kama anayesubiri kusomewa hukumu. Nilitaka kumwambia kwamba sina hasira naye hata kidogo. Nikamwambia achemshe chai. Akachemsha. Tukanywa. Tafadhali mwandikie wewe kwamba sina hasira.

Yule bibi aliyeanguka nimekwenda kumwona. Mkono umefungwa, unaunga. Nilikaa naye mchana mzima, yeye akisema. Hilo ndilo ninalolijutia. Wimbo ni wimbo, lakini kukizima kipaza sauti ilikuwa kazi yangu mwenyewe.

Dawati la vifurushi si baya. Vifurushi havisubiri kuambiwa kitu.

Usije kwa sasa. Usikosane na wenzako.

Baba yako


Jumapili, 7 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua ya Baba niliibeba mimi kwa kondakta, sikuifungua, ingawa bahasha haikuwa imebanwa vizuri. Asante kwa kuniandikia alichokuomba uniandikie. Nimekiweka ndani ya kitabu cha hesabu. Nilimwambia Baba, "Kaka anasema huna hasira." Akasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomwambia." Tukaendelea kula.

Leo nina jambo kubwa. Naomba usome polepole.

Jana asubuhi fundi cherehani alikuja mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, pini bado mdomoni. Akazitema mkononi. "Mama yako amepiga!"

Kaka, yuko mji mwingine, anafanya kazi saluni, anaosha nywele. Walikuwa na redio. Alikuwa na mteja kwenye sinki, povu kichwani, wimbo ukaanza. Ding-dong. Fundi anasema Mama alisimama hapo na bomba mkononi mpaka maji yakamwingia mteja shingoni, mteja akapiga kelele, na wote saluni wakicheza. Halafu akakusikia na wewe. Akakujua palepale.

Unajua anafikiria nini? Anafikiria mmekaa, wewe na Baba, mkamtungia wimbo. Anadhani "mtoto wake yuko hapa, anamsubiri" ni mimi. Alimwambia fundi, "Sijawahi kuwa na gauni la njano, lakini huenda wameliweka ili nisione aibu." Kisha akamwambia aniulize kama baba yangu ananiita. Yaani, anamwita yeye, Mama.

Baba alikuwa ndani. Alisikia kila kitu, akatoka na soksi tu miguuni. Akamuuliza fundi jambo moja tu: "Alisema 'ananiita' au 'aliniita'?"

"Shemeji!" fundi akasema. "Mimi fundi wa nguo, si wa maneno. Ananiita, aliniita, kuita kulikuwemo!"

"Tafadhali, jaribu kukumbuka."

"Nilikuwa na pini mdomoni, nikumbuke nini?"

Baba akatikisa kichwa, akarudi ndani. Lakini mimi nilimwelewa, Kaka, na nadhani hapa hakuna mwingine angemwelewa. Kama ni "aliniita", basi imepita, anauliza tu kwa kutaka kujua. Kama ni "ananiita", bado anasikiliza.

Mama atapiga tena Jumamosi alasiri, kwenye simu ya fundi. Anataka jibu langu.

Nimefikiria mawazo ya wiki nzima ndani ya siku moja. Nikimwambia kweli, kwamba lilikuwa tangazo la mama wa mtoto mwingine, na kwamba wewe ulifanya utani tu, ataona aibu kwa kuuliza, na nikimjua Mama hatauliza tena. Nikimwambia ndiyo, anakuita, nitakuwa nimetunga salamu nyingine kama zile za kwako. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa mdogo na wa upole, na umefika mpaka kwenye mkono wa bibi wa watu.

Na kuna aibu nyingine, ambayo sijamwambia mtu. Wimbo uliomwondoa Baba kibandani ndio uliomfikia Mama, na mimi nilipolala jana nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi kabisa. Niliusikia ukipigwa dukani kwa jirani na kwa mara ya kwanza sikuziba masikio.

Jumatatu iliyopita nilimwambia Kidoti kwamba ile ni sauti ya baba yangu. Akasema, "Tulijua tangu zamani, ulikuwa unajisumbua tu." Nakutaarifu kwa sababu uliniambia nimrudie.

Basi nimeamua hivi. Sitamjibu Mama ndiyo wala hapana. Jambo hilo si langu kulijibu. Simu ikilia nitamwambia, "Subiri, Mama," nami nitaipeleka kwa Baba na kuiweka mkononi mwake. Leo baada ya kula aliniuliza, "Alasiri ya Jumamosi, saa ngapi hasa?" Nikamwambia fundi hakusema. Akasema, "Basi nitaomba ruhusa ya siku nzima." Sikumwambia nilichoamua, kwa sababu naogopa akijua mapema atapata muda wa kutafuta habari za treni.

Wewe umeishi naye miaka mingi kuliko mimi, na ulimjua alipokuwa bado anatutangazia chakula. Nijibu kwa kondakta wa treni ya Ijumaa, usichelewe, hata kama ni neno moja kwenye kipande cha karatasi: nikimpa simu, na Mama yuko upande wa pili anasikiliza, ataongea?

Mdogo wako